Nyota Niliyomshonea Koplo Barasa

Nyinyi mnaodarizi beji kwa kompyuta kule Ngara, siwaonei wivu. Mnachomeka flashi, mnabonyeza, mnaenda kunywa chai, na mkirudi mnakuta beji ishirini zimetoka zinafanana kama mapacha. Mimi beji moja ilinichukua saa nzima, na mgongo huu unaikumbuka kila moja. Lakini mashine yenu haijui inamshonea nani. Kazi hiyo ya kujua bado ni yenu, na ndiyo niliyoikosea mimi. Kwa hiyo zimeni hizo simu kidogo, niwaeleze.

Naitwa Njoki. Nilishona yunifomu za askari miaka ishirini na tisa, River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na kufuli. Chumba kilikuwa cha Mzee Odongo. Alikuwa na cherehani tatu, benchi moja la wateja, na waya uliofungwa dirishani kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye waya huo alining'iniza sampuli za vyeo kwa vibanio vya nguo: polisi, magereza, kanjo, yaani askari wa jiji, walinzi wa kampuni, hata wale wa bendi. Hakuwa na kitabu cha vyeo. Waya ndio ulikuwa kitabu.

Siku zangu za kwanza alikuja mteja, nikamwuliza cheo chake. Akasema inspekta. Nikaenda wayani nikachukua nyota za kwanza nilizoona. Mzee Odongo hakunyanyua macho kwenye cherehani yake.

"Inspekta wa wapi?" akauliza.

Nikamgeukia mteja. Yule mteja akasema yeye ni wa kanjo. Nyota nilizoshika zilikuwa za polisi.

Alipoondoka, Mzee Odongo aliniambia nisiulize tena cheo kabla ya idara. Inspekta wa polisi ana watu wengi chini yake na seli yenye funguo. Inspekta wa kanjo anazunguka sokoni kuangalia leseni na mitaro. Neno ni moja, lakini ukiwaweka pamoja barabarani, huyu wa pili hawezi kumwamuru konstebo wa yule wa kwanza asogee hata hatua moja. Vilevile sajenti wa magereza anaweza kuwa ametumikia miaka mingi kuliko inspekta kijana wa polisi, na bado hapati saluti yake. Kila idara ina ngazi yake, na ngazi hizo haziegemei ukuta mmoja. Nyingine ina vipandio vingi, nyingine imerukwa kipandio katikati, nyingine ina kipandio ambacho idara nyingine hazijawahi kukisikia.

Nilicheka sana miaka ile pia, nisiwadanganye. Kuna siku inspekta wa polisi na inspekta wa kanjo walikutana kwenye benchi letu. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze kusalimu. Wakakaa hivyo, mabega yamegusana, wanatazama ukuta, mpaka chai waliyopewa ikapoa. Na kulikuwa na bwana mwenye kampuni ya ulinzi yenye walinzi sita na mbwa mmoja. Alitaka nyota tano kila bega. Mzee Odongo alimwambia kwa upole kwamba uzi wa dhahabu umekwisha Nairobi nzima, akamshonea tatu. Yule bwana alitoka amevimba, nasi tukaziba midomo kwa vitambaa.

Ufundi wenyewe niwaachie kidogo, maana mengine hamtayapata kwenye flashi. Beji ya mkono hupimwa vidole vinne kutoka mshono wa bega, lakini vidole vya mwenye kuvaa, si vyako, kwa sababu mtu mrefu akipimwa kwa mkono mfupi mistari yake inaonekana imekwama shingoni. Weka bitana nyuma. Shikiza kwanza kwa uzi mweupe, mwambie anyanyue mkono kama anayepiga saluti, ndipo ushone. Mabaki yachome moto, usiyatupe kwenye pipa, maana kuna watu River Road ambao kazi yao ni kuokota mabaki hayo na kujigeuza askari. Na kabla ya yote hayo, ona barua. Mzee Odongo hakushona mstari hata mmoja bila kuona barua ya kupandishwa cheo na kitambulisho cha kazi. Aliandika daftarini: jina, idara, cheo, siku. Hata rafiki yake wa kanisani alimwomba barua.

Mimi sikumwomba rafiki yangu.

Koplo Barasa alikuwa jirani yangu Riruta. Tulikaa ploti moja, mlango wake ukitazamana na wangu. Alitoka upande wa Bungoma, mrefu, mpole, mtu wa kufagia uwanja Jumamosi bila kuambiwa. Mke wake, Mama Nekesa, tuliimba naye kwaya moja. Barasa alikuwa koplo tangu nilipomjua. Vijana aliowafundisha kushika bunduki walimpita, wakawa wanampa yeye maagizo, naye akawapigia saluti na kurudi nyumbani kuvua viatu. Idara yake sitaitaja, kwa sababu watoto wake bado wako Riruta. Nitaiita ile ndogo. Nyingine, ambayo askari wake walikuwa wateja wetu wengi, nitaiita ile kubwa.

Sikilizeni tofauti hii vizuri, kwa sababu ndiyo iliyoharibu mambo. Katika ile kubwa, wakati ule, sajenti alivaa mistari mitatu na nyota ndogo juu yake. Katika ile ndogo, sajenti alivaa mistari mitatu mitupu. Ukimwekea nyota, umemfanya sajenti mkuu, na sajenti mkuu katika tarafa yao nzima alikuwa mmoja tu. Sampuli zote mbili zilikuwa wayani, zimetenganishwa na kibanio kimoja.

Ilikuwa Julai, mwaka ule matatu zilipoanza kupakwa mstari wa njano. Mzee Odongo alikuwa amerudi kwao Siaya, macho yamemwishia, ameniachia chumba na daftari. Wiki hiyo nilikuwa na mashati kumi na mawili ya masajenti wa ile kubwa, yote yanatakiwa mara moja. Alhamisi mchana Barasa akapanda ngazi, shati limekunjwa ndani ya gazeti. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni akitabasamu kama mtu anayeogopa kutabasamu.

"Mama Wangari," akaniita kwa jina la binti yangu, "mimi sasa ni sajenti."

Nilimkumbatia. Aliingiza mkono mfukoni kutoa barua, nikamwambia airudishe, kwani mimi simjui? Kesho yake asubuhi kulikuwa na gwaride, mkubwa wao angekuja, na wote waliopandishwa wangetajwa mbele ya familia zao. Nikamwambia aende, shati litafika nyumbani kabla yake.

Nilishona shati lake baada ya yale kumi na mawili. Mkono ulikuwa umeshazoea. Mistari mitatu, nyota. Mistari mitatu, nyota. Sikuangalia waya, sikufungua daftari. Nilimshonea vizuri kuliko wote, mshono mdogomdogo wa kurudia mara mbili, kwa sababu ya upendo. Jioni nikampa Mama Nekesa likiwa limefungwa.

Alfajiri ya Ijumaa stima ilikuwa imepotea Riruta, na baridi ilikuwa kali. Mama Nekesa alikuwa amelipiga pasi ya makaa kwa mwanga wa mshumaa. Aliona mistari mitatu akafurahi, nyota hakujua maana yake. Barasa alilivaa gizani na kulifunika kwa kabuti. Aliniambia baadaye kwamba alipitisha kidole juu ya mkono akahesabu mistari, mmoja, miwili, mitatu, na ikamtosha. Alivua kabuti uwanjani, wakati wa kupanga safu. Mwenzake aliyesimama kando ndiye aliyemnong'oneza.

Alijaribu kuing'oa ile nyota kwa kucha. Haikung'oka. Nilikuwa nimeishona vizuri.

Mkubwa wao alipita safu kwa safu, sajenti mkuu yuko nyuma yake. Wakasimama mbele ya Barasa. Hakupigiwa kelele. Aliulizwa tu ni nani aliyempa cheo hicho, na kabla hajajibu akaambiwa atoke kwenye safu, akasimame kando ya choo mpaka gwaride liishe. Mama Nekesa alikuwa kwenye viti na watoto watatu waliovalishwa nguo za Krismasi. Majina ya masajenti wapya yalisomwa. Lake likarukwa.

Mama Nekesa alinipata chumbani kwangu jioni, akanieleza yote amesimama. Barasa alikuwa amefunguliwa kesi ya ndani ya kuvaa cheo asichopewa, na barua yake ya kupandishwa imezuiliwa mpaka kesi iamuliwe. Alikuwa amejitetea kwamba ni kosa la fundi. Wakamwuliza fundi gani.

Hapa lazima niwaeleze jambo lingine. Kwa sheria ya idara yao, beji zilipaswa kushonwa na fundi wa stoo yao tu. Fundi huyo alikuwa na foleni ya miezi, kwa hiyo wote walikuja River Road, na wakubwa wao walijua, na hakuna aliyesema. Lakini siku mtu akitajwa, yule fundi wa mtaani angechukuliwa kama mtu anayetengeneza vyeo bandia. Mashine zingebebwa. Pengine na mimi ningebebwa.

Barasa hakunitaja. Alisema ni fundi wa mtaani, hakumbuki mlango. Wakamwambia basi kosa ni lake peke yake.

Usiku ule sikulala, lakini kukosa usingizi si kazi. Kazi ilikuwa kuamka na kwenda na daftari kwenye ofisi yao, niseme: mimi ndiye, nilichanganya idara mbili, tazameni hapa, masajenti kumi na wawili wa ile kubwa wiki hiyohiyo. Daftari lilikuwa na kila kitu. Isipokuwa jina la Barasa, ambalo sikuliandika, kwa sababu ni jirani.

Jumatatu nilimpigia Mzee Odongo. Nilimweleza nikilia. 

"Nenda," akasema. "Usingoje kuitwa. Beba daftari na sampuli zote mbili, uwaonyeshe."

Nikamwambia nitaenda. Sikwenda. Wangari wangu alikuwa kidato cha pili, na mimi ndiye baba na mama yake. Jumanne nilisema nitaenda Alhamisi. Alhamisi uvumi ulizagaa River Road kwamba kuna maaskari wasio na yunifomu wanazunguka kwa mafundi wakiuliza maswali. Nikateremsha waya. Sampuli zote za Mzee Odongo nikazitia kwenye gunia na kulisukuma chini ya meza. Kwa siku kadhaa nilishona sare za watoto wa shule tu, na mtu akipanda ngazi kwa viatu vizito mguu wangu uliganda kwenye pedali.

Ploti ikawa ngumu. Nilitoka mapema kabla ya Barasa kuamka, nikarudi nikijua ameshaingia ndani. Tulipokutana bombani alinisalimia kama kawaida, akanijazia ndoo. Hakuuliza chochote. Mama Nekesa aliacha kuja kwaya, na nilipoulizwa anaumwa nini nilisema sijui.

Nilikwenda baada ya wiki mbili na siku tano. Jumatano. Sitawaambia niliamka na ujasiri. Nilimwona mtoto wao mdogo akicheza gwaride uwanjani na matawi, akimwambia mwenzake, "Wewe toka, simama kando ya choo," na wote wakacheka. Nikarudi ndani nikachukua gunia.

Ofisi yao ilikuwa katikati ya mji. Nilikaa kwenye korido tangu asubuhi mpaka saa nane, gunia katikati ya miguu, kila anayepita akiliangalia. Aliyeniita alikuwa inspekta wa makamo, mtu wa heshima. Nilimweleza yote. Nikapanga sampuli mezani kwake, za ile kubwa upande huu, za ile ndogo upande huu. Nikafungua daftari. Alisoma yale majina kumi na mawili akifuata kwa kidole. Alichukua beji mbili akaziweka sambamba, akazitazama kwa muda mrefu.

"Hata mimi ningekosea," akasema.

Moyo wangu ukafunguka. Nikamwuliza basi Barasa atarudishiwa barua yake. Akavua miwani.

"Mama, hii kesi iliamuliwa juzi, Jumatatu. Imesainiwa. Ungekuja hata Jumatatu asubuhi, ningekuingiza kwa mkubwa mimi mwenyewe."

Nilimwuliza kama haiwezi kufunguliwa tena. Akasema anayeweza kuifungua ni mkubwa aliyeisaini, na huyo amehamishwa, na mkubwa mpya hataanza kazi kwa kufuta saini ya mwenzake kwa ajili ya koplo. Hakunikamata. Hakuniuliza hata mlango wangu ni upi. Aliniambia nirudishe vitu vyangu kwenye gunia na niende nyumbani. Woga wote niliokuwa nimeubeba zile wiki mbili haukuwa na mtu wa kuupokea.

Barasa alibaki koplo, na juu ya hayo akapewa uhamisho wa kwenda kaskazini, mbali, kituo cha watu wanane na kisima kimoja. Familia ingebaki Riruta kwa sababu ya shule.

Ijumaa alipanda ngazi za River Road na shati lile. Safari hii alikaa kwenye benchi. Aliniomba nitoe mistari yote mitatu na nyota, nirudishe miwili ya koplo. Nikachukua wembe nikaanza kufumua. Kazi hiyo ilinichukua muda mrefu, kwa sababu ya ule mshono. Mahali palipokuwa na mistari yake ya zamani kitambaa kilikuwa bado cheusi, hakijapauka, hata sikuhitaji kupima. Nilimweleza hapohapo, macho yangu kwenye wembe, kwamba nilikwenda ofisini. Nilimweleza siku niliyokwenda. Nikamwambia niliogopa, nikamwomba msamaha.

Nikageuka kumwangalia.

"Mimi sikukutaja, mama, ili uje mwenyewe," akasema. "Ile siku ya kesi, kila mlango ukifunguka nilikuwa nageuka."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Alilivaa shati mbele yangu, akanyoosha mikono kama nilivyozoea kuwaambia wateja, akanishukuru, akashuka.

Baada ya hapo nilirudisha waya dirishani na sikushona tena kitu bila barua. Watu walisema nimekuwa mkali. Askari niliyemjua miaka kumi nilimrudisha Ngara kwa miguu akalete kitambulisho. Kila kibanio nilikiandikia jina la idara kwa wino mwekundu. Wanafunzi wangu walidhani ni ufundi. Hata nyinyi mashine yenu ikija na faili lililoandikwa "sajenti", msibonyeze. Pigeni simu muulize sajenti wa wapi. Wakikasirika, waacheni wakasirike. Na mkikosea, maana mtakosea, nendeni siku hiyohiyo. Kosa langu la sindano lilikuwa la dakika chache, mtu mzima yeyote angelielewa. Zile wiki mbili ndizo ambazo hata leo sina la kujitetea.

Barasa alikaa kule kaskazini miaka miwili na miezi michache. Alirudi likizo mara mbili, amekonda, amepauka. Mara ya tatu tulipigiwa simu. Malaria, walisema, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua, gari halikuweza kumfikisha hospitali.

Mama Nekesa alinijia mlangoni asubuhi, hakuwa amefika kwangu tangu mwaka ule. Aliniomba nimsindikize River Road kuchapisha ratiba ya mazishi na kuandikisha msalaba, kwa sababu mimi ninawajua watu wa huko. Tulikwenda. Mwandishi wa misalaba alikuwa jirani wa duka letu, mzee aliyejua kazi yake. Aliandika herufi za kwanza kwa penseli, akauliza marehemu alikuwa askari. Mama Nekesa akaitika. Akauliza idara gani, akaambiwa. Akauliza cheo.

 Mama Nekesa aligeuka akaniangalia mimi, akangoja, kama ningeweza kumjibia. Kulikuwa na mlio wa mashine za kuchapisha chumba cha pili, na mtu akipiga nyundo chini.  Nilitaka kusema sajenti. Barua yake nilikataa kuiona, lakini ilikuwepo, ilikuwa imesainiwa, kwa siku moja alikuwa sajenti. Na niliona aibu kulisema neno hilo mbele yake.

"Andika jina tu," Mama Nekesa akamwambia yule mzee.

Akafuta penseli, akaanza upya, akaandika jina tu.